Sabuni na dawa za kuoshea ndege ndogo: kipi kinafaa, kipi kinakula alumini?

#1 Kisongo_Apron

Wakuu, habari za asubuhi. Naomba mchango wa wanaoijua kazi hii. Ndege ni Cessna 182, alumini iliyopakwa rangi, inalala nje pale uwanja wa ndege wa Kisongo, Arusha, siku nyingi za wiki. Safari zake ni viwanja vya porini: Ndutu, Kogatende, mara mojamoja upande wa Natron. Tumbo limejaa masizi ya ekzosi na oili, wadudu wamekaukia kwenye kingo za mbele za mabawa, na kioo cha mbele kimeanza kuwa na ukungu.

Madukani mjini nimekuta hivi: sabuni ya maji ya kupimiwa kwenye madumu, sabuni ya unga, sabuni ya mche, shampuu ya gari, mafuta ya taa, white spirit ya maduka ya rangi, dawa ya kupuliza ya vioo vya nyumbani, na dawa ya kuondoa grisi ambayo lebo yake haina maelezo yoyote ya maana. Kipi kitumike wapi, na kwa kipimo gani? "Tumia sabuni laini" hilo nalijua. Nataka kujua laini ni ipi na nitaitambuaje.

#2 Mkemia_Shanty

Mkuu, anza na namba moja: pH, kipimo cha asidi na magadi (7 ni katikati, chini yake asidi, juu yake magadi). Ganda jembamba la oksaidi linaloilinda alumini hutulia kati ya pH 4 na 8.5 hivi. Ukitoka nje ya hapo, kwa upande wa asidi au wa magadi, ganda linayeyuka na alumini yenyewe inaanza kuliwa. Kwa hiyo sabuni "laini" maana yake ni yenye pH karibu na 7, isiyo na klorini, isiyo na magadi soda, isiyo na chembe za kukwangua.

Tukishika orodha yako kwa kipimo hicho, sabuni ya unga ya kufulia ikishayeyuka huwa kwenye 10 au 11. Sabuni ya mche ni 9 hadi 10, na kwenye maji yenye madini mengi huacha utando mweupe unaong'ang'ania. Zote mbili weka pembeni. Jik hukuitaja, lakini kuna watu huitia kwenye ndoo ili ndege "ing'ae". Ile ina magadi makali pamoja na klorini, na klorini ndiyo inayochimba vishimo kwenye alumini.

Sabuni ya maji ya kupimiwa ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu ni laini mkononi na ina povu zuri. Tazama inavyotengenezwa: asidi ya salfoniki, inayopozwa kwa soda ashi au kostiki, halafu SLES na CDE (kemikali za povu), rangi, manukato, na chumvi ya jikoni ya kuifanya iwe nzito. Mtengenezaji akipitiliza soda, pH inapanda. Akipunguza, asidi inabaki. Hata akipatia sawasawa, chumvi imo ndani. Dumu la leo na dumu la mwezi ujao si sabuni moja. Kwa vyombo na sakafu haina shida, ila kwa ndege haifai.

#3 FundiRiveti

Naongezea kwa Mkemia, maana hapa ndipo watu hukosea hesabu. Wanasema: "Nitaipunguza makali kwa maji mengi." Dawa ya magadi makali yenye pH 12, ukichanganya lita moja kwa lita tisa za maji, inashuka kufika 11 tu. Kila ukizidisha maji mara kumi inapungua namba moja. Halafu ikikauka, maji yanaondoka na magadi yanabaki, makali yakirudi palepale yalipokuwa.

Na yanabaki wapi? Uso wa bawa unasuuzika, huo usikutie wasiwasi. Wasiwasi uwe kwenye maungio: bati lililolalia bati jingine, chini ya vichwa vya riveti, ndani ya bawaba ndefu za eleroni na flapu (vibao vinavyosogea nyuma ya bawa), chini ya fremu za milango. Maji ya sabuni huingia humo kwa kunyonywa na ufa wenyewe, na mpira wako wa maji hauwezi kuyafuata. Miezi inapita, rangi inavimba kama lengelenge, ukiipasua unakuta unga mweupe. Kwa hiyo mimi huichagua sabuni kwa kuuliza itafanya nini ikibaki kwenye ufa ambao sitausuuza kamwe. Uwezo wake wa kung'oa uchafu nauangalia baadaye.

Upande wa asidi nao una hatari yake. Dawa za kung'arishia rimu za magari, zile zenye asidi, zikifika kwenye bolti na kwenye chuma kigumu cha miguu ya kutua, haidrojeni huingia ndani ya chuma. Chuma kinabaki kinang'aa ila kimekuwa kikavu kama kigae, na siku moja kinakatika bila kupinda kwanza.

#4 Kisongo_Apron

Nimewaelewa vizuri sana. Sasa chupa ipo mbele yangu dukani, lebo inasema "safi kwa gari lako". Nitajuaje pH na mengine?

#5 Mama_Hanga

Kaka, kuna njia tatu, kutoka ile bora kushuka.

Ya kwanza: nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege, na usome namba za viwango kwenye chupa au kwenye karatasi yake ya kiufundi. Tafuta Boeing D6-17487, AMS 1526, au MIL-PRF-87937. Nyuma ya namba hizo kuna majaribio ya ASTM, shirika la viwango: F519 linapima haidrojeni kwenye chuma kigumu, F1111 kutu kwenye kadimiamu inayofunika bolti, F484 nyufa kwenye vioo vya akriliki, F502 kulainika kwa rangi. Kuwa na picha ya ndege kwenye lebo hakuthibitishi chochote kama namba hazipo. Na jina lisikupoteze: Simple Green ya kawaida na Extreme Simple Green Aircraft & Precision Cleaner ni bidhaa mbili tofauti, na mtengenezaji mwenyewe ametenga ya pili kwa ajili ya ndege. Anayekuagizia kutoka Nairobi au Dar mtajie jina zima.

Ya pili: ukikosa hiyo, chukua shampuu ya gari iliyoandikwa wazi kuwa pH yake haina asidi wala magadi, kisha mwombe muuzaji karatasi ya usalama ya bidhaa. Sehemu ya 9 inataja pH, sehemu ya 3 inataja viambato. Ukiona hidroksaidi ya sodiamu, metasiliketi ya sodiamu, au asidi ya aina yoyote kwa kiasi kikubwa, irudishe. Shampuu zenye "nta ndani" ziache pia. Zinaacha utando unaosumbua siku rangi itakapohitaji kuguswa.

Ya tatu ni ya kuhakikisha tu: karatasi za kupimia pH, zinazouzwa na maduka ya vifaa vya maabara na ya mabwawa ya kuogelea. Pima sabuni ikiwa imechanganywa na maji yaleyale utakayooshea. Ikisoma kati ya 6.5 na 8.5, endelea.

#6 Mkemia_Shanty

Jaribio jingine rahisi: kata kipande cha foili ya jikoni, kitie kwenye kikombe cha sabuni hiyo bila kuipunguza, ukiache usiku kucha. Foili ikifubaa, ikiwa na madoa meusi au ikitoa vipovu, umepata jibu. Isipobadilika bado hujapata kibali, kwa sababu foili haikuelezi chochote kuhusu akriliki, kadimiamu wala chuma kigumu. Jaribio hili linaweza kukataa sabuni. Kuikubali haliwezi.

Na kwa kuwa umetaja Natron na Ndutu, vumbi la kandokando ya maziwa yale lina magadi, ndugu wa magadi yale ya kulainishia maharage. Likiwa kavu juu ya bawa halina makuu. Likinyeshewa na umande wa alfajiri linageuka maji yenye pH ya 10 hivi, yanayotiririka hadi kwenye maungio aliyoyataja FundiRiveti. Ndege ikirudi kutoka huko isingojee zamu yake ya kuoshwa. Isuuze kwa maji matupu siku hiyohiyo, hasa tumboni, kwenye visima vya magurudumu kama ina vifuniko, na chini ya mkia. Kwa ndege inayorudi kutoka Zanzibar fanya vivyo hivyo kwa sababu ya chumvi ya bahari.

#7 Rubani_KIA

Kwenye masizi ya tumboni mimi nina mawazo tofauti na wengi. Mafuta ya taa kwenye kitambaa yanatosha. Ni rahisi, yanapatikana kila kona, na hayali alumini.

#8 FundiRiveti

Mkuu Rubani, ni kweli hayali alumini. Tatizo lake ni kuchelewa kukauka: yanaacha utando wa mafuta, na kwa vumbi letu la Kisongo utando huo ni gundi. Ndani ya siku mbili tumbo limeota manyoya mekundu. Pia yakidondokea matairi na mipira ya breki yanailainisha. White spirit ya duka la rangi, ile isiyochanganywa na thina, inafanya kazi hiyohiyo, inakauka, na iko karibu sana na kiyeyusho cha Stoddard ambacho vitabu vya Cessna vinakitaja kwa oili na grisi zilizogoma.

Namna ya kuitumia: lowesha kitambaa, usimwage wala kupuliza. Anza nyuma ya bomba la ekzosi, futa kuelekea mkiani, geuza kitambaa kila baada ya mkono mmoja. Nusu lita inatosha tumbo zima la 182 kama huifuji. Halafu mara moja pita na sabuni ya ndoo na usuuze, ili utando wake nao uondoke. Petroli hapana kabisa, hata kijiko. Kusugua kwa kitambaa kikavu kunazaa umeme tuli, na mvuke wa petroli haungoji zaidi ya cheche moja. Thina nayo hapana, inakula rangi.

Glavu ni lazima. Masizi yale si kaboni tupu. Avgas 100LL, petroli ya ndege za injini za pistoni, inaruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi (ile metali, lead) kwa lita, na ndani yake huwekwa kemikali ya bromini ya kuitoa risasi hiyo kwenye silinda. Ile rangi ya kijivu na kahawia unayoiona tumboni ni chumvi za risasi na bromini. Usiyakwangue yakiwa makavu, usiyapulize kwa hewa ya kompresa, na usile mandazi kabla ya kunawa.

#9 Rubani_KIA

Nimekubali kwa hoja ya vumbi. Sikuwa nimeitazama kwa upande huo. Je, Cessna Caravan, zile za injini ya turbini zinazotumia mafuta ya Jet A-1?

#10 FundiRiveti

Zile hazina risasi. Masizi yake ni kaboni, yanajaa ubavu wa kulia nyuma ya bomba, na yanatoka kwa sabuni ya ndege na maji ya uvuguvugu kama hayajaachwa majuma. Ila Caravan yenye mipira myeusi ya kuzuia barafu kwenye kingo za mabawa usiiguse mipira hiyo kwa white spirit. Sabuni na maji basi. Kuosha kompresa ya PT6, injini ya Caravan, ni kazi nyingine kabisa, ina maji yake maalumu na utaratibu wake kwenye kitabu cha injini. Tusiichanganye humu.

#11 Mama_Hanga

Naomba nikae kwenye vioo, maana ndipo ninapoumia nikiona watu wanavyofanya.

Kioo cha mbele cha 182 ni plastiki ya akriliki. Dawa ya kupuliza ya vioo vya nyumbani mara nyingi ina amonia au alkoholi. Ukiipaka leo hutaona kitu. Kinachotokea ni kwamba plastiki ile ilipindwa na kufungwa kwenye fremu, kwa hiyo ina mkazo ndani yake. Kemikali inaingia juujuu na kuufungua mkazo huo kwa maelfu ya nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Jua la asubuhi likikupiga usoni ukielekea mashariki, kioo chote kinakuwa cheupe. Hakuna polishi ya kulitoa hilo. Kioo kinabadilishwa.

Visivyoruhusiwa: amonia, alkoholi, asetoni, petroli, thina, na hata gesi ya kizimamoto. Kinachofaa ni dawa ya vioo vya ndege kama Plexus, Prist au 210 Plus. Ukikosa, sabuni yako ileile isiyo na makali, matone machache kwenye lita moja ya maji.

Utaratibu una uzito sawa na dawa. Kwanza maji mengi bila kugusa, vumbi lote litiririke. Vumbi la huku linatokana na miamba ya volkano, chembe zake ni ngumu na zina ncha, na kitambaa kikavu juu yake ni msasa. Kisha mkono mtupu, uliovuliwa pete na saa, upite na maji ya sabuni. Vidole vinahisi chembe ambayo kitambaa kingeiburuta. Halafu kitambaa laini, kwa mistari ya juu kwenda chini, kamwe si mduara. Mikwaruzo ya mduara hugeuka pete za mwanga machoni, ya wima husumbua kidogo. Kausha kwa ngozi laini yenye unyevu. Usimalizie kwa kusugua kitambaa kikavu, kwani umeme tuli utavuta vumbi lote la apron (maegesho ya ndege) lirudi. Karatasi za chooni, tishu za mezani na taulo za karatasi zina nyuzi za mti, zinakwaruza.

Ule ukungu wako, Kisongo_Apron, uangalie kwanza kwa kucha. Kama kucha inateleza bila kushika kitu na ukungu uko juujuu, polishi ya akriliki inaweza kuupunguza. Kama unaona mistari inayometa ndani ya plastiki ukiinamisha kichwa, muite fundi mwenye leseni akipime kioo.

#12 Kisongo_Apron

Asante sana dada. Wadudu je? Kuna wanaotumia dodoki la kijani la sufuria.

#13 Mama_Hanga

Dodoki hilo linakwangua rangi mpaka ya chini. Stilwaya ni mbaya zaidi, maana vipande vyake vya chuma hubaki vimejichoma kwenye alumini na kila kimoja kinaanzisha kutu yake. Chukua taulo kuukuu, iloweshe kwa maji ya sabuni, ilaze kwenye ukingo wa bawa dakika 10 hadi 15, isogeze mbele. Mdudu aliyelowa anatoka kwa sponji. Aliyekaa wiki mbili juani anatoka na rangi, kwa hiyo kingo zifutwe jioni ileile ndege ilipotua. Vinyesi vya ndege wa mitini ni vivyo hivyo: lowesha, subiri, inua. Usisugue.

#14 MpiraWaMaji

Jamani, mbona hakuna aliyetaja mashine ya presha? Ukikaa mita mbili inaokoa muda na maji.

#15 FundiRiveti

Mita mbili huanza nazo kila mtu. Doa likigoma, mkono unasogea wenyewe. Maji ya presha yanavuka sili za beringi za magurudumu na kuisukuma grisi nje, yanaingia kwenye bawaba, yanainua rangi pale ilipokatika pembezoni mwa riveti, na kwenye kitovu cha propela yanapita sili na kukaa ndani. Watengenezaji wa propela wanakataza kwa maandishi. Mpira wa kawaida wenye kichwa cha mvua unatosha.

Kuhusu maji yenyewe: 182 yenye mabawa ya mita 11 huishia na lita 150 hadi 200 ukitumia mpira, na kama lita 80 ukiwa mwangalifu na ndoo. Maji ya ukanda wa Arusha yana floraidi na madini mengi mengine, yakikauka yenyewe yanaacha vitone vyeupe. Yakaushe kwa kitambaa, usiliachie jua kazi hiyo.

#16 Mama_Hanga

Kabla hajafungua bomba, kuna jambo la kuziba. Mrija wa pitoti, unaopokea hewa ya kupimia kasi, uvalishwe kofia yake. Matundu ya statiki, yanayopokea hewa ya kupimia kimo na kasi, yazibwe kwa utepe wa rangi kali, wenye mkia mrefu mwekundu unaoning'inia. Utepe wa rangi ya fedha au wa kung'aa usitumike kabisa. Mwaka 1996, tarehe 2 Oktoba, Boeing 757 ya Aeroperú iliruka usiku kutoka Lima ikiwa na utepe uliosahaulika juu ya matundu ya statiki baada ya kusafishwa. Marubani hawakujua wako juu kiasi gani wala wanakwenda kasi gani. Walikufa watu wote 70. Utepe ule ulifanana na ubavu wa ndege.

Kuacha kuziba nako kunaua. Novemba 2008, A320 ilisuuzwa vumbi kule Perpignan, Ufaransa, bila kukinga vitambuzi vya pembe ya hewa. Maji yaliingia, yakaganda angani, ndege ikaanguka tarehe 27 na watu saba wakafa. Ile nayo ilikuwa kazi ya kusuuza vumbi tu, kama yetu.

Kwa hiyo hesabu unachoziba na uandike kwenye karatasi: kofia moja, tepu ngapi, plagi za kuingizia hewa ya injini ngapi, matundu ya hewa ya tanki. Karatasi ibaki kwenye kiti cha rubani mpaka kila kimoja kiwe kimevuliwa na mtu wa pili ameona.

#17 FundiRiveti

Mpangilio wa kuosha sasa, kwa kifupi maana mengi yamesemwa. Anza saa moja asubuhi au ingia kivulini. Bati likiwa la moto sabuni inakauka kabla hujaisuuza, na hilo ndilo tunaloliepuka. Ndoo tatu: ya sabuni, ya kusuuzia sponji, na ya tumbo peke yake. Sponji ya tumbo isipande juu kamwe. Kama chupa haitoi kipimo, shampuu isiyo na makali mililita 40 kwa ndoo ya lita 10 inatosha juu, na hadi 100 kwa tumbo. Ukizidisha hapo unaongeza povu la kusuuza tu.

Maji matupu kwanza. Kisha sabuni ukitokea chini kwenda juu, ili isitiririke juu ya uchafu mkavu na kuchora michirizi isiyotoka. Chukua eneo unaloweza kulisuuza ndani ya dakika tano, bawa moja kwa vipande viwili au vitatu. Kusuuza ni juu kwenda chini.

Propela: ufunguo wa magneto (zinazotoa cheche za injini) utolewe na mikscha (mkono wa kupitisha mafuta) ifungwe kabla hujaigusa. Hata hivyo ihesabu kuwa inaweza kuwaka. Ya panga mbili ilaze mlalo, maji yasishuke kwenye kitovu. Futa kwa kitambaa chenye sabuni isiyo na makali, suuza kwa kitambaa, kausha, kisha pita na kitambaa chenye oili kidogo sana. Dawa ya grisi yenye magadi isikaribie hapo.

Ndani ya kava za injini usiende na ndoo wala mpira. Hapo ni white spirit kwa brashi, injini ikiwa baridi, beseni chini yake, na magneto, alteneta, stata, pampu ya vakyumu na njia ya hewa ya karibureta vimefungwa kwa plastiki. Pampu kavu ya vakyumu ikiingiwa na kiyeyusho, vibao vyake vya kaboni vinavunjika. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni au mbele yake, kwa sababu kuosha huko ndiko kunakoonyesha oili inavuja wapi.

#18 Rubani_KIA

Na nta? Wengine wanasema inazuia wadudu.

#19 FundiRiveti

Wadudu watagonga vilevile, ila wanatoka kwa maji tu. Nta ya kopo isiyo na silikoni, kingo za mbele za mabawa, mkia na pua, mara mbili kwa mwaka. Silikoni ikishaingia kwenye nyufa za rangi, siku ya kupaka kiraka rangi mpya inakimbia na kuacha macho kama ya samaki. Usipake karibu na matundu ya statiki wala kwenye vioo, na kwenye rangi mpya fuata siku alizokupa mpakaji.

#20 MpiraWaMaji

Maji machafu yanaenda wapi? Pale apron kuna nyasi pembeni.

#21 Mama_Hanga

Kwenye nyasi hapana. Yana oili na risasi. Muulize meneja wa kiwanja sehemu iliyotengwa yenye mtaro wa kutenganisha oili. Vitambaa vya white spirit viingie kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, na maji ya ndoo ya tumbo kwenye dumu la oili chafu la hanga.

#22 Kisongo_Apron

Nimeandika yote. Orodha yangu imebaki sabuni yenye namba ya AMS 1526, shampuu isiyo na makali kama akiba, white spirit lita moja, dawa ya vioo vya ndege, karatasi za pH. Swali la mwisho: ikishakauka, inaweza kuruka mara moja?

#23 FundiRiveti

Bado, mkuu. Vua vya kuziba kwa karatasi ya Mama Hanga. Pitisha kijiti cha mbao kwenye kila tundu la kutolea maji chini ya tumbo, mabawa na mkia. Eleroni na eleveta (kibao kinachosogea cha mkiani) zisogeze juu na chini ukisikiliza: maji yakibaki ndani yanabadilisha uzito wake, na uso wa usukani usio na mizani unaweza kutetemeka hadi kuvunjika. Bawaba na viungo vitiwe mafuta yaliyotajwa kwenye kitabu, kwani sabuni imeondoa ya zamani. Bomba linalong'aa la shokapu ya pua lifutwe kwa kitambaa chenye mafuta mekundu ya haidroliki. Breki zikanyagwe mara kadhaa ukiiendesha polepole ardhini, diski zikauke.

Kisha matanki. Vifuniko juu ya bawa si vya kuaminika kwa maji, hasa vya zamani vilivyolala sawa na bati, maana mpira wake ukichoka maji yanaingia na avgas inayaachia yakae chini. Iache itulie, chota sampuli kutoka kila kituo cha kutolea, mabawani na kwenye kichujio, uiinue kwenye mwanga. Ukiona tone linaviringika chini ya kikombe, mwaga kwenye dumu la uchafu na uchote tena, mpaka sampuli iwe ya buluu tupu kutoka juu hadi chini.